Kujenga Kanisa Mtwara na Lindi: Mwongozo Kamili kwa Mmisionari Msimamizi na Kamati Inayompokea

Mikoa hii ya Kusini imezoea wamisionari wajenzi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alifika Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi na kanisa. Wabenediktini walifungua Lukuledi mwaka 1895, kisha Nyangao. Misheni zote mbili zilichomwa moto wakati wa Vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza upya Ndanda. Watu wale walikuja kukaa. Wengi walizeekea huku, na makaburi yao yako huku.

Mmisionari wa leo ni mtu mwingine. Anakuja kwa miaka miwili, au anakuja wiki tatu, anarudi kwao, kisha anakuja tena. Amebeba fedha za washarika wa Ujerumani, Marekani, Korea au Kenya, na kila mwezi anadaiwa taarifa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unarudia swali moja katika kila hatua: wewe ukishaondoka, nani hapa ataweza kuliendeleza jambo hili? Kama jibu halipo, hatua hiyo haijakamilika, hata kama ukuta umesimama.

Hatua ya kwanza: kila mtu ajue nafasi yake

Kabla ya kuzungumzia saruji, kaeni na uongozi wa kanisa mwandike makubaliano ya kurasa mbili tatu. Mwenye jengo ni kanisa la hapa, kupitia bodi yake ya wadhamini. Kamati ya ujenzi ya usharika au parokia ndiyo inayoamua na kununua. Wewe mmisionari ni msimamizi: unakagua kazi, unathibitisha kuwa hatua imekamilika, na unawaandikia wafadhili. Mhandisi anasimamia ufundi, fundi mkuu au mkandarasi anajenga.

Kwenye kamati muwe makini na mambo mawili. Fundi anayetaka kupewa kazi asiwe mjumbe, hata kama ndiye muumini mwenye bidii kuliko wote. Pili, mtunza hazina awe mtu ambaye washarika wenyewe wamemchagua kwa kumwamini, maana atakuja kusoma mapato na matumizi mbele yao. Sehemu nyingi utakuta ni mama wa makamo aliyeshika fedha za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, kwa miaka bila shilingi kupotea. Mpeni kazi hiyo na msimpe msaidizi wa kumsimamia kichwani.

Ukifika, anza kwa salamu. Nenda kwa mchungaji kiongozi au paroko, kisha kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na mtendaji wake, kisha kwa wazee wa eneo. Pwani ya Mtwara na Lindi ina Waislamu wengi, kwa hiyo shehe au imamu wa msikiti wa jirani naye apigiwe hodi mapema, asisikie habari za ujenzi kutoka kwenye lori la kokoto. Ukimwambia, "Shikamoo mzee, mimi ni mgeni wa kanisa, tutajenga pale, nimekuja kukuomba radhi mapema kwa vumbi na kelele," umefungua mlango ambao utauhitaji siku kisima cha kanisa kitakapokauka na cha msikiti kina maji.

Hatua ya pili: ardhi

Hapa ndipo miradi mingi inapokwamia, tena baada ya msingi kuchimbwa. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, mtu asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo kiwanja kisiandikwe jina lako, wala la shirika lenu la nje, wala la mchungaji kama mtu binafsi. Kiandikwe jina la wadhamini waliosajiliwa wa kanisa. Bodi za wadhamini husajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Ombeni nakala ya cheti na orodha ya wadhamini walio hai. Ikiwa wawili wamefariki na mmoja amehamia Mwanza, safisheni hilo kwanza.

Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu wa kijiji ndipo igawe ardhi. Barua ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Mnachohitaji ni muhtasari wa mkutano mkuu wenye tarehe, mahudhurio na mihuri. Majirani wa pande zote nne watembee mpaka pamoja nanyi, waweke saini, na alama zichimbiwe chini siku hiyohiyo.

Halafu kuna mikorosho. Kwa watu wa Kusini, shamba na mikorosho iliyo juu yake vinaweza kuwa na habari mbili tofauti. Mwenye ardhi anaweza kuwa ameiweka mikorosho yake rehani kwa mtu mwingine, na huyo ana haki ya mavuno mpaka deni liishe. Ulizeni waziwazi mbele ya mashahidi: mikorosho hii ni ya nani, kuna aliyeikopea, kuna ndugu aliyeko Dar es Salaam mwenye sehemu yake? Ulizeni pia makaburi. Fidia ikilipwa, ilipwe benki au mbele ya mtendaji kwa maandishi, na wenye haki wote wasaini, akiwemo mke.

Kwa kiwanja cha mjini, Mtwara Mikindani, Lindi, Masasi au Nachingwea, nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mhakikishe kiwanja kimepimwa na kwamba matumizi yake kwenye mpango wa mji yanaruhusu nyumba ya ibada. Kiwanja cha makazi kinahitaji kubadilishwa matumizi kwanza.

Hatua ya tatu: vibali

Hili halihitaji maneno mengi, linahitaji muda. Ramani iliyochorwa na kugongwa mhuri na mtaalamu aliyesajiliwa ipelekwe halmashauri kuombewa kibali cha ujenzi. Kama mnatumia mkandarasi, angalieni usajili wake CRB, bodi ya makandarasi, na daraja lake. Mhandisi naye awe amesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi. Eneo la kazi linaandikishwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, na wafanyakazi wanahusika na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Wewe mwenyewe usiingie kwa viza ya utalii ukashika mwiko. Wamisionari hupewa kibali cha ukaazi daraja C, na kibali cha kazi ni jambo la peke yake linaloshughulikiwa na ofisi ya kazi. Mwombaji ni kanisa linalokupokea, kwa hiyo karani wa dayosisi aanze miezi kadhaa kabla ya safari yako. Vivyo hivyo kwa vikundi vinavyokuja kwa wiki mbili.

Hatua ya nne: ukubwa na sura ya jengo

Wafadhili hupenda kujenga kanisa la ndoto yao. Mshikilie kalamu. Ukumbi wa mita 10 kwa 20 una mita za mraba 200. Ukitoa madhabahu na njia, unakalisha watu 200 hivi kwenye mabenchi kwa raha. Kama Jumapili ya kawaida mna watu 90, hilo linatosha kwa miaka mingi, na mnaweza kuacha ukuta wa nyuma ukiwa tayari kurefushwa.

Upande mrefu wa jengo uelekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Pwani, madirisha yapokee kusi na kaskazi, pepo mbili ambazo kila mvuvi wa Mikindani atakuonyesha zinakotoka. Paa liwe juu, na juu ya madirisha muweke matofali ya matundu hewa ya moto itokee. Kanisa lenye hewa nzuri halihitaji feni, na bili ya umeme ni mojawapo ya vitu vinavyoua majengo ya wafadhili. Kwa moyo huohuo, kataeni kifaa chochote ambacho kipuri chake hakipatikani Mtwara mjini au Masasi. Kigae cha Ulaya kikivunjika mwaka wa pili, kitaachwa hivyohivyo kinavuja.

Hatua ya tano: kalenda ya Kusini

Ningemwomba kila msimamizi asome sehemu hii kabla ya kumwahidi mfadhili tarehe ya uzinduzi.

Huku kuna msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kwenda mpaka Aprili, wakati mwingine Mei. Kuanzia Juni mpaka Oktoba ni ukavu. Mgeni akiona hivyo hujisemea kwamba kazi yote ifanyike kiangazi, na mvua iwe mapumziko. Akipanga hivyo tu, atagongana na korosho.

Mwezi Mei mpaka Agosti watu wako mashambani wanapalilia na kupulizia salfa. Kuanzia Septemba wanaokota korosho, na minada huanza kwenye Oktoba. Fedha za minada, kupitia stakabadhi ghalani (mkulima huweka korosho ghalani, akapewa stakabadhi, akalipwa zikiuzwa), huingia mikononi mwa wakulima Novemba, Desemba na Januari. Maana yake ni kwamba washarika wa Newala, Tandahimba au Masasi wana fedha za kuchangia mvua ikianza, na wana muda wa kufanya kazi ya kujitolea mvua ikiwa katikati. Kwa upande wa Lindi, hasa Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Kilwa, ufuta huvunwa mwishoni mwa mvua na minada yake huanguka Juni na Julai, kwa hiyo fedha zipo mwanzo wa kiangazi. Ulizeni wenyeji wa kata yenu wanaishi kwa zao lipi, ndipo mpange siku ya mavuno na harambee.

Mpangilio unaofaa kwenye ukanda wa korosho ni huu. Harambee ifanyike Desemba au Januari, mnada wa mwisho ukishalipwa. Januari mpaka Aprili mfyatue matofali ya saruji. Watu hushangaa: kufyatua kwenye mvua? Ndiyo, na hasa kwenye uwanda wa Makonde. Juu kule maji ni shida ya miaka na miaka. Mradi wa maji wa Makonde huyasukuma kutoka Mitema, chini ya uwanda, na kiangazi ndoo ni fedha. Tofali linahitaji kumwagiliwa kwa siku zisizopungua 7, na mvua inaifanya kazi hiyo bure. Kinachotakiwa ni banda la makuti au turubai la kulinda matofali siku mbili za kwanza yasichimbwe na matone makubwa, na mchanga uwe umeshaletwa tangu Oktoba, kabla barabara za bondeni hazijalegea.

Msingi uchimbwe Mei, udongo ukiwa bado laini. Kuta Juni na Julai. Lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, Agosti. Paa Septemba na Oktoba, na lisivuke mwisho wa Oktoba. Boma lililo wazi likinyeshewa msimu mzima huliwa, na mbao za kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zikilala chini ni karamu ya mchwa. Kama fedha za paa hazijatimia mwezi Julai, simamisheni kazi kwenye lenta, funikeni vichwa vya kuta kwa zege jembamba, msubiri mwaka ujao. Hilo ni bora kuliko kuezeka nusu.

Kuna mambo mengine ya kalenda. Likizo za shule ni wakati wa jando na unyago kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, na fundi mwenye mtoto anayetoka jandoni hatakuwepo. Ramadhani, mafundi Waislamu waanze saa 12 asubuhi wamalize saa 7 au 8 mchana, ujira uleule. Na msitegemee vifaa vya Dar es Salaam mwezi Aprili na Mei: mwaka 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga wilayani Kilwa, magari yakalala njiani.

Hatua ya sita: fedha

Fedha isipite kwenye akaunti yako binafsi wala ya mchungaji, wala kwenye simu ya mtu. Fungueni akaunti ya mradi kwa jina la kanisa, yenye watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa. Wewe usiwe mtia saini; wewe uwe unathibitisha hatua. Nikisema hivi baadhi ya wafadhili hushtuka, lakini msimamizi anayeshika hundi hubaki na lawama zote na mradi husimama siku anapougua malaria.

Fedha zitumwe kwa awamu: msingi na jamvi (zege la sakafu), kuta mpaka lenta, paa, umaliziaji. Awamu inayofuata isitoke mpaka iliyotangulia imekaguliwa na mhandisi na hesabu yake imesomwa kanisani. Wekeni akiba ya asilimia 10 kwa mabadiliko ya bei na thamani ya shilingi.

Jifunzeni kukagua mchanganuo wa gharama kwa kichwa, kamati nzima, hata asiyejua uhandisi. Tuchukue ukumbi wetu wa mita 10 kwa 20. Mzunguko wake ni mita 60. Ukuta ukiwa na kimo cha mita 3.5, ni mita za mraba 210; toa milango na madirisha, tuseme 35, zinabaki 175. Ukuta wa tofali la inchi 6 unachukua matofali kama 10 kwa mita ya mraba, basi ni 1,750, na ya kuvunjika mfanye 1,850. Mfuko mmoja wa kilo 50 utoe matofali 35, ni mifuko 53 hivi. Jamvi la unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 20 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kila mita ya ujazo hula mifuko 6 hadi 6 na nusu, kwa hiyo mifuko 120 hadi 130. Msingi, lenta, nguzo za ukuta na lipu huhesabiwa kando. Mkiletewa karatasi yenye mifuko 300 ya jamvi pekee, mna haki ya kuuliza.

Kila ununuzi mkubwa uwe na profoma (hati za bei) kutoka maduka matatu, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, hati ya kupokelea mzigo na saini ya mtunza stoo. Mtunza stoo na mnunuzi wasiwe mtu mmoja. Stoo iwe na kufuli mbili, na daftari liandikwe kila asubuhi: mifuko iliyotoka, imekwenda wapi, nani kachukua. Jioni msimamizi ahesabu mifuko mitupu. Mfuko mtupu ni ushahidi. Fundi akisema ametumia 20, mifuko mitupu 20 iwepo.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, mtunza hazina asome mbele ya watu: tumepokea hiki kutoka nje, hiki kutoka kwenu, tumetumia hiki, tumebakiwa na hiki. Karatasi ibandikwe mlangoni. Mchango wa bibi aliyeleta kilo mbili za korosho usomwe pamoja na wa wafadhili, kwa sauti ileile.

Hatua ya saba: vifaa

Saruji si tatizo huku. Kiwanda cha Dangote kiko Mtwara tangu mwaka 2015. Tatizo ni namna inavyotunzwa. Nunueni ya wiki chache, muipange juu ya mbao, mbali na ukuta, safu zisizidi 10. Ingiza mkono kwenye mfuko: iwe laini na ya ubaridi. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, mfuko huo haufai kwa nguzo wala lenta. Kwa nguzo, lenta na msingi tumieni ya 42.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko), kwa kufyatua na lipu, 32.5 inatosha.

Mchanga wa baharini msiuguse. Una chumvi, na chumvi hula nondo kimyakimya mpaka zege linapasuka miaka michache baadaye. Mchanga wa mto au wa shimo nao upimwe. Chukua chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza mchanga kimo cha sentimita 10, ongeza maji na chumvi kidogo ya jikoni, funga, tikisa sana, kisha iache mezani kwa muda wa saa tatu. Tope litatulia juu ya mchanga kama utando wa rangi nyingine. Utando ukizidi milimita 8, mchanga ni mchafu. Uoshwe au utafutwe mwingine. Ifanyeni kila lori linapofika, dereva akiwa bado yupo. Akijua mnapima, ataleta mchanga mzuri.

Tofali lililokomaa wiki mbili liangushe kutoka kimo cha kifua kwenye udongo wa kawaida, lisivunjike vipande. Likwaruze kwa msumari; lisitoe unga kama chaki.

Mawe na chokaa ya matumbawe kutoka baharini msinunue hata yakiletwa kwa bei ya bure. Matumbawe ni mazalia ya samaki, na sehemu kubwa ya bahari ya Mtwara Vijijini iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000. Kanisa lisiwe mteja wa kitu kinachowanyima wavuvi riziki yao.

Mbao za kenchi ziwe zimetiwa dawa au ziwe ngumu za asili zenye vibali vya TFS, wakala wa misitu, vya kuvuna na kusafirisha. Mbao ikifika bila karatasi, irudishwe. Bati liwe geji 28. Kumbukeni namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na geji 32 ya bei rahisi haifai kwa jengo la watu wengi. Kwa aliye karibu na chumvi ya bahari, bati lenye mchanganyiko wa alumini na zinki hudumu zaidi, na misumari iwe yenye mpira na isiyoshika kutu haraka.

Hatua ya nane: kujenga

Kabla ya kuchimba, mhandisi afungue mashimo mawili matatu ya kupima udongo, mita moja na nusu kwenda chini. Udongo mweusi wa mfinyanzi mabondeni hutanuka mvua ikija na kupasuka kiangazi. Ukiukuta, msingi wa kawaida hautoshi, na ni afadhali kuhama kiwanja.

Siku ya kupiga kamba, usimwachie fundi peke yake. Pembe hupatikana kwa kamba ya mita 3, 4 na 5. Kisha pimeni mishazari miwili: kwa ukumbi wa mita 10 kwa 20, kila mmoja uwe mita 22.36. Ukitofautiana na mwenzake kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, rudieni. Msingi wa upande hauwezi kunyooshwa na bati.

Msingi ufike udongo mgumu. Kabla ya jamvi, mwageni dawa ya mchwa kwenye kifusi kilichoshindiliwa na mtandaze nailoni nzito. Juu ya ukuta wa msingi wekeni utepe wa kuzuia unyevu.

Zege ndilo linalodanganya watu. Saidia fundi akichoka kukoroga huongeza maji, linakuwa jepesi kama uji na kazi inakwenda haraka. Utasikia, "Baba, limekauka hili, tuongeze ndoo?" Jibu kwa upole na usitikisike: kama ni gumu kushindilika, ongezeni maji pamoja na saruji kwa uwiano, si maji peke yake. Pimeni kwa karai au sanduku la mbao, si kwa koleo. Zege lililokorogwa litumike ndani ya nusu saa hivi. Nondo zisiguse ukingo wa ubao. Pwani zizungukwe na zege la sentimita 4, kwa hiyo tengenezeni vijiwe vya saruji vya kuzishikilia. Lenta imwagiwe maji asubuhi na jioni siku 7, na mbao zilizo chini ya nafasi za madirisha zisitolewe kabla ya siku 14.

Paa litazameni kwa heshima ya upepo. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga pwani ya Lindi. Aprili 2019 Mtwara ilipewa tahadhari ya kimbunga Kenneth, kikaishia Msumbiji, na Mei 2024 kikaja Hidaya. Vimbunga huku ni vichache, lakini paa ni moja. Vyuma vya kufungia kenchi vizamishwe kwenye lenta siku ya kumwaga zege, si kupigiliwa baadaye. Kila kenchi ifungwe kwa chuma hicho, papi zifungwe kwenye kenchi, na safu za bati za ukingoni zipigwe misumari mingi zaidi, kwa kuwa upepo huanza kufunua pembeni.

Msimamizi awepo siku nne bila kukosa: kupiga kamba, kumwaga msingi, kumwaga lenta, kusimika kenchi. Siku nyingine anaweza kuwa na mwakilishi mwenye daftari na simu ya kupiga picha.

Hatua ya tisa: watu wa kazini

Chukueni mafundi wa hapahapa, Wakristo kwa Waislamu, kwa kipimo cha ufundi. Malipo yawe kwa hatua iliyoandikwa, na vibarua walipwe kila Jumamosi bila kucheleweshwa. Wanawake wanaochota maji mara nyingi huhesabiwa kuwa "wanajitolea" wakati wanaume wanaochanganya zege wanalipwa. Huo ni uonevu, na msimamizi ana uwezo wa kuukomesha siku ya kwanza kwa kuandika maji kwenye bajeti. Kujitolea kuwe na siku yake, tuseme Jumamosi moja kwa mwezi, ya watu wote, mchungaji akiwemo. Watoto wasibebe mchanga wala tofali.

Vikundi vya vijana kutoka nje vinavyokuja kwa wiki mbili vipangiwe kazi kwa uangalifu. Wasichukue nafasi ya kibarua anayelisha familia. Wawe saidia fundi chini ya fundi wa hapa, wamsikilize, wale ugali wa muhogo na samaki pamoja na wenzao. Picha za watoto wasipige bila ruhusa ya wazazi.

Msiba ukitokea kijijini, kazi isimame siku ya mazishi, na msimamizi aende. Ratiba itangoja.

Hatua ya kumi: makabidhiano

Mkataba na fundi au mkandarasi useme tangu mwanzo kwamba asilimia 5 hadi 10 ya malipo itazuiwa kwa miezi sita ya matazamio. Miezi hiyo ipangwe ili ipitie mvua. Mkimaliza Oktoba, matazamio yaende mpaka Aprili.

Andaeni jalada moja, nakala mbili, ya usharika na ya dayosisi: hati ya kiwanja na muhtasari wa kijiji, kibali cha ujenzi, ramani pamoja na mabadiliko yaliyofanyika kweli, picha za nondo kabla ya kumwaga zege, orodha ya maduka yaliyouza bati na rangi, na dhamana. Chagueni vijana wawili waliofanya kazi hapo tangu msingi, wafundishwe kusafisha mifereji, kubadili bati moja na kupaka dawa ya mbao. Kutoka kila sadaka ya mavuno, kiasi fulani kiwekwe kwenye mfuko wa matengenezo, na wadhamini waandike hilo kwenye kumbukumbu zao kabla ya uzinduzi.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, kamati iingie ndani na tochi na chaki. Kila panapodondoka pazungushiwe alama sakafuni, papigwe picha, fundi aitwe. Wasubiri mpaka mvua ya tatu au ya nne, maana mavujo mengine huchelewa, na wakague pia nyufa juu ya madirisha na maji yanayosimama karibu na msingi. Mwezi wa nne mhandisi arudi apitie orodha hiyo pamoja na kamati. Palipobaki na kasoro parekebishwe kwa gharama ya fundi, na akishamaliza, alipwe fedha zake zilizozuiwa siku hiyohiyo, kwa hundi ya kanisa yenye saini za wenyeji.